Majina Ndani ya Tumbo la Ndege

Nyinyi mliobaki kwenye meza ya rangi kule Al Quoz, Dubai, mmeniletea ujumbe kwamba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Kusahau sijasahau kitu. Ila macho yamekuwa mavivu, na shule yangu mimi ni chuo cha Kurani pale Kikwajuni, Unguja, kwa Maalim Haji, basi. Kiswahili nakiandika kwa herufi za Kiarabu, na mjukuu wangu Zuhura ndiye anayenihamishia kwa herufi zenu. Mkikuta kosa, mwulizeni yeye. Mkikuta nimejisifu mno, niulizeni mimi.

Mishahara na vyeo sitavieleza. Vyeo sikuwa navyo, na mshahara kila mtu anaujua wake.

Dubai niliingia mjane, watoto wawili nimewaacha kwa mama yangu, nikashukia nyumba moja ya Bur Dubai, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Kazi ya jikoni. Mwenzangu alikuwa Pushpa, wa Sri Lanka, mwanamke mfupi aliyekuwa akizungumza na masufuria kama yana masikio. Siku ya kwanza nilimuunguzia madam wali. Pushpa akauchota ule wa juu uliosalimika, akaumwagia samli na zafarani, akaupeleka mezani, akarudi akaniambia kwa Kiarabu cha kuokoteza: "Leo wamekula wali wako. Kesho upike wao." Miaka mitano tulilala chumba kimoja. Siku aliyorudishwa kwao, dereva alikuja kumchukua mchana, na kabla sijamaliza kuosha vyombo vya mchana ule ule, madam akanijia jikoni akaniuliza, "Yule msichana, jina lake nani vile?"

Nikamwambia. Sikumwambia kwa ukali, kazi nilikuwa bado naitaka. Lakini lilinikaa.

Kutoka hapo nikashona mapazia kwa fundi mmoja Mhindi, na mapazia ndiyo yaliyonifikisha Al Quoz. Karakana yetu mnaijua: ilikuwa ikitengeneza mabanda ya maonyesho, na kila banda linataka vitambaa vya kuficha miguu ya meza. Niliajiriwa kushona hivyo. Na upande wa pili wa ukuta wa mbao walikuwa wakitengeneza ndege.

Si ndege za kupanda watu. Ndege za mezani, za kupewa wageni wakubwa wakati wa maonyesho ya anga, mfano wa zile za kweli, urefu wake kama mkono wangu kutoka begani hadi ncha ya kidole. Fundi mkuu alikuwa Yakub, mtu wa Sialkot, Pakistan. Mimi nilimzidi umri kwa miaka mingi tu, lakini kwa ajili ya kazi nilimwita Ustad, na yeye kwa ajili ya umri aliniita Khala, yaani mama mdogo. Hivyo kila mmoja alimheshimu mwenzake na hakuna aliyepata hasara.

Alinikuta siku moja nimesimama mlangoni natazama. Akanipa bawa lililokwisha pigwa msasa.

"Funga macho, Khala. Kiungo kiko wapi?"

Nikapitisha kidole. "Hapa. Na hapa mbele pana kishimo kama tundu la sindano."

Akalichukua lile bawa, akalipeleka kwenye taa, akaligeuza, akaligeuza tena. Kisha akamwita Mathew, meneja wetu wa Kerala, ambaye wakati huo bado alikuwa na nywele. "Mathew! Mtu wa mapazia tafuta mwingine."

"Ana umri gani huyu mama?"

"Vidole vyake havijaniambia."

Basi nikahamia upande wa ndege, na huko ndiko nilikomalizia kazi yangu. Nitawaambieni ya vifaa, maana nasikia siku hizi mnanunua vitu vya ajabu. Msasa wa themanini unakula. Wa mia nne unabembeleza. Wa elfu moja na maji unaosha tu, lakini usiuache, ndio unaomfanya mteja apitishe mkono na anyamaze. Na msiguse kwa kidole kitupu. Kateni kipande cha kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama ncha ya sikio, mkiweke kati ya kidole na ndege. Kidole kitupu kinateleza, chenye kanga kinasikia. Mathew aliwahi kuagiza vitambaa maalumu kutoka Ujerumani kwa kazi hiyo. Nadhani bado vimo kwenye droo ya tatu, havijafunguliwa.

Na sasa lile jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu.

Ndege zetu zilikuwa zikitoka kwenye kalibu vipande viwili, mgongo na tumbo, ndani tupu kama boga lililokwanguliwa. Kabla ya kuzigandisha, Yakub alikuwa na ada yake aliyokuja nayo kwao, kwa mafundi waliomlea. Siku ya kwanza aliponiachia nifunge tumbo mwenyewe alinipa kalamu ya wino wa kijani, akasema, "Andika jina lako humo, ndio ufunge. Nje ni ya mteja. Ndani hakuna atakayeingia mpaka kiyama."

Nikaona haya. Ndege imepita mikono ya watu sita, mimi niandike Riziki kama nimeiumba peke yangu? Nikafunga tupu. Mara ya pili tupu. Kisha akaondoka Babu Lal.

Babu Lal alikuwa wa mashine ya kung'arisha, mtu wa Bihar, mpole, anakohoa. Alipimwa kifua, visa ikafutwa, akaondoka siku ya Alhamisi. Jumamosi alikuja mtu mpya, akapewa ovaroli la Babu Lal, lile lile, na jina limeshonwa kifuani. Mpaka mchana karakana nzima wanamwita mtu mpya "Babu Lal! Yalla, Babu Lal!" na yeye anaitika. Mimi nikaacha kula. Siku hiyo nilikuwa na tumbo moja wazi mezani, nikachukua ile kalamu ya kijani nikaandika kwa herufi zangu za chuo: *Babu Lal, wa mashine ya kung'arisha, kaondoka.* Nikafunga. Nikaweza kula.

Tokea hapo ikawa ndio ada yangu. Wangu mimi ni walioondoka tu. Aliyepo anajiita mwenyewe.

Kazi ngumu kuliko zote iliyopita mezani kwangu ilikuwa ile ndege ya kivita ya Wamarekani, ile wanayosema rada haiioni. Jina lake ni herufi na namba, mnalijua. Rangi yake ni kijivu cha aina mbili, juu yake vumbi la kung'aa: ukilizidisha ndege inakuwa samaki, ukilipunguza inakuwa sufuria. Kioo cha rubani kina rangi ya chai. Na vifuniko vyake vyote vina kingo za meno meno, huwezi kukuta mstari mmoja ulionyooka. Mafundi wawili kabla yangu walishindwa kubandika tepu ya kuzuia rangi kwenye meno yale. Mimi nilisuka ukili wa mikeka utotoni, mkono ulikuwa unajua meno kabla haujajua kalamu. Yakub alikichonga kinyago chake cha kwanza kwa kutazama picha tu, miezi na miezi, maana vipimo vya kweli hawakutupa. Siri. Ndege yenyewe hawakumuuzia mtu, hata marafiki zao. Rafiki akiitaka sana anapewa ya kwetu.

Kila asubuhi Yakub alikuwa akipita mezani kwangu: "Khala, umeiona ndege?"

"Sijaiona, Ustad. Wanasema haionekani."

Utani huo ulidumu miaka saba. Hatukuuchoka.

Basi jengo refu kuliko yote duniani lilikuwa bado jipya, tunaliona juu ya mapaa ya maghala tukishuka kwenye basi la kampuni, ndipo akaja Bwana Hollis. Huyu ndiye aliyekuwa akituletea maagizo ya ile ndege, kutoka ofisi ya mawakala wa kiwanda pale Dubai. Mzee mwembamba, masikio mekundu, mwenyewe zamani alikuwa fundi wa kiwandani huko huko kwao. Hakuketi ofisini kwa Mathew kama kawaida. Alikuja mpaka mezani, akaishika ile niliyokuwa naipaka, akasema imekwisha.

"Imekwisha nini?" Yakub akauliza.

"Kiwanda kinafunga kazi yake. Haitengenezwi tena."

Mathew ndiye aliyetutafsiria vizuri. Ghali mno, wakubwa wao wameamua basi. Ndege ya mwisho ilikuwa tayari iko kwenye mstari wa kiwanda, inasogezwa kutoka kituo hadi kituo, na kila kituo inachokiacha nyuma kinafungwa: watu wanakabidhi vifaa, wanaaga, taa inazimwa. Halafu inasogezwa tena. Bwana Hollis alikuwa akilieleza jambo hilo kwa mkono, anasukuma kopo langu la rangi mezani taratibu, na nyuma yake anafagia kwa kiganja.

Al Quoz hakuna asiyelielewa jambo hilo.

Agizo la mwisho lilikuwa ndege arobaini, zawadi ya kuagana kwa wafanyakazi arobaini waliokaa sana kwenye kazi ile. Kila moja na namba yake chini ya mkia, na baada ya arobaini, kalibu ikatwe mbele ya macho yake, ndivyo mkataba ulivyosema. Nikaanza. Na kwa kuwa zilikuwa ni za watu wanaoondoka, nikasema moyoni, hizi nazo nitazipa watu wangu wote walioondoka, hata wa jikoni Bur Dubai. Nikahesabu. Walinifikisha ndege ya thelathini na tisa. Ya arobaini nikasema tutaona, Al Quoz hapakosi mtu wa kuondoka.

Thelathini na tisa zikapakiwa, zikapelekwa ofisini kwa Bwana Hollis zisubiri ndege ya mizigo. Ya arobaini ilikuwa mezani, mgongo huku, tumbo huku. Jumatatu sikwenda kazini; nilikuwa nimekwenda kupimwa damu na kifua kwa ajili ya visa, foleni tangu alfajiri. Jumanne narudi, namkuta Yakub anafunga visu vyake kwenye gazeti.

"Unahama, Ustad?"

"Nahamishwa."

"Wapi?"

"Sialkot."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo akanieleza: Jumatatu, mfagiaji wa ofisi kwa Bwana Hollis alikuwa akipangusa meza, akaiangusha namba sita. Ikapasuka kwenye kiungo. Na tumboni mna maandishi ya kijani. Wakamwita Idris, karani wao Msudani, mtu wa makamo, msomi, asome. Idris akasoma herufi zote, akasema herufi ni za Kiarabu lakini lugha hii si Kiarabu, si Kiurdu, haijui. Neno moja tu alilolielewa: Bur Dubai.

Mngewaona! Ndege ya siri, inakwenda kama zawadi ndani ya kiwanda chenye walinzi getini, na tumboni ina maandishi yasiyosomeka yanayotaja mtaa. Kwao hilo si jambo la mchezo. Mathew akaulizwa nani anafunga matumbo. Akasema Yakub, maana kwenye karatasi ndivyo ilivyoandikwa. Yakub akaulizwa, akanyamaza. Mathew akamwambia visa inafutwa wiki ile ile.

"Kwa nini hukusema si wewe?"

"Ningesema si mimi, wangeuliza nani. Meza ina watu wawili, Khala."

"Na Nadia?" Nadia ni binti yake, alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi, baba akimlipia.

"Nadia atauguza kwa kile alichokwisha kukisoma."

Tumbo la namba arobaini lilikuwa pale mezani, wazi, na kalamu ya kijani kando yake. Nikalitazama nikajua sasa litaandikwa jina la nani. Mimi nimemlilia Pushpa, nimemlilia Babu Lal, lakini hao hakuondoka hata mmoja kwa ajili yangu.

Nikavua aproni nikapanda ngazi kwa Mathew. Bwana Hollis alikuwamo, na Idris, na maboksi yote yamerudishwa yamepangwa ukutani. Na Idris hana kosa, msimlaumu mkimwona. Yeye aliambiwa asome, akasoma.

Mathew akaninyooshea kiganja. "Mama Riziki, baadaye. Usijiingize."

"Nimo ndani tayari. Maandishi ni yangu."

"Yako? Wewe si unaweka dole gumba kwenye hati ya mshahara?"

"Naweka dole kwa sababu hati ni ya Kiingereza. Umewahi kuniletea ya Kiswahili?"

Idris akavua miwani. "Kiswahili," akasema, polepole, kama mtu aliyepata ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Akanipa nusu ya namba sita. Nikasoma: "Pushpa, wa jikoni Bur Dubai, kaondoka." Nikaeleza kwa Kiarabu Pushpa ni nani. Nikaeleza na zile nyingine. Idris anatafsiri, Mathew anajishika kichwa, nywele zimebaki chache.

Bwana Hollis alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo hata mimi ningelisema. Alisema, "Huo ni mdomo tu. Nitajuaje zile nyingine thelathini na nane zimeandikwa nini?"

"Tuzifungue zote," Mathew akasema.

"Ndege ya mizigo ni kesho," Bwana Hollis akakataa.

Kisha Bwana Hollis akasema hivi, na Idris akanifasiria neno kwa neno nisije nikasema sikuelewa: nitamke kilichoandikwa ndani ya kila namba, Mathew aandike kwenye kompyuta. Halafu yeye atachagua moja, moja tu, na itakatwa. Ikiwa ndivyo nilivyosema, ataniamini zote. Ikiwa sivyo, zote zinakwenda jalalani, Yakub anaondoka, na mimi nyuma yake.

"Una orodha?" Mathew akaniuliza. "Daftari? Karatasi?"

"Ya nini?"

Nikaanza. Namba moja, Rehema Shaame, wa chumba cha cherehani. Namba mbili, Florence Nakato, Mganda, mlinzi wa geti letu la kwanza, aliyekuwa akitusalimu kwa majina yetu na ya watoto wetu. Namba tatu, Selvam wa lori. Namba nne, Rosalinda aliyekuwa akipanga mabanda na kuimba. Nilikuwa nikiwaona wakipita mmoja mmoja. Mathew mwanzoni alikuwa akipiga vidole vyake kwa hasira, paka paka paka. Kufika namba kumi na moja, Joseph Kutty, akasimama. Yeye na Joseph walitoka mji mmoja, walikuja pamoja. Akauliza kwa sauti ndogo, "Joseph naye?" Nikamwambia naye. Akaendelea kuandika, safari hii polepole, ananiuliza herufi za kila jina.

Tukafika thelathini na tisa. Bwana Hollis akatembea mbele ya maboksi, akarudi, akavuta moja la katikati. Ishirini na tatu.

Kati ya zote, ile ndiyo moja pekee niliyoandika watu wawili. Shanthi na Kumari, ndugu, wa meza ya vioo, waliofutiwa visa siku moja.

Akaitwa Yakub akate. Alikuja na msumeno mwembamba, hakunitazama. Ndege nzuri ile, meno yote yamekaa, kijivu kimetulia. Akaupitisha msumeno kwenye kiungo kama anakata andazi la mgonjwa, bila haraka, vumbi linaanguka kwenye zulia la Mathew na Mathew hasemi kitu. Ikafunguka. Idris akainama nayo dirishani.

"Shanthi," akasoma. Akaigeuza ile nusu kwenye mwanga.

"Na?" Bwana Hollis akauliza.

"Shanthi… halafu hakuna. Mwisho wake ni 'kaondoka'. Jina ni moja."

Mathew akatazama kompyuta yake. Bwana Hollis akanitazama mimi. Nikasema ni wawili, nimewaandika wawili, Kumari yuko chini ya dada yake. Idris akatikisa kichwa: chini yake kuna gundi tu, tone kubwa la gundi ya kufungia, limekauka jeusi.

Ndipo Yakub akaniangalia kwa mara ya kwanza. Tone lile lilikuwa lake. Gundi alikuwa akitia yeye, na siku zote nilikuwa nikimwambia, Ustad, gundi yako nyingi kama sukari ya Mathew kwenye chai. Akachomoa kisu kidogo kutoka kwenye gazeti lake, akaanza kulikwangua lile tone. Lilikuwa likitoka vipande vipande, kama ukoko. Alikuwa akikwangua na kupuliza, kukwangua na kupuliza, mpaka kikatokea kijani kidogo, kama uzi. Akampa Idris.

Idris akaisogeza karibu na pua. "Kaf," akasema. "Mim. Alif. Ra…" Akainua uso. "Kumari. Na Kumari."

Mimi nilikaa chini. Kiti hakikuwapo, nilikaa juu ya boksi la ndege, na hakuna aliyenikemea.

Bwana Hollis aliichukua ile ndege iliyokatwa, akaiangalia ndani kwa muda mrefu. Kisha akasema kitu kwa Idris, na Idris akaniambia: "Anasema kwao pia wanaandika. Chini ya ngozi ya bawa, kabla ya rangi. Kila mtu kiwandani anajua na hakuna anayesema. Lakini wao wanaandika majina yao wenyewe. Anauliza, lako liko namba ngapi?"

"Halimo. Mimi nipo hapa."

Idris akatafsiri. Bwana Hollis akacheka kidogo, puani, akamwambia Mathew aipige chapa ile orodha kwa Kiingereza, jina na kazi na neno kaondoka, iende pamoja na mzigo, namba kwa namba. Sita na ishirini na tatu zifungwe tena, viungo vipakwe rangi upya kabla ya jioni. Kuhusu Yakub hakusema neno. Alimtazama Mathew tu, na Mathew akamtazama Yakub, akasema, "Visu hivyo mbona viko kwenye gazeti? Vitashika kutu."

Mchana ule ule kalibu ikakatwa. Yakub aliikata mwenyewe, hakumpa mtu msumeno. Kazi ya miezi, ikaisha kwa muda wa kunywa chai. Tulivikusanya vile vipande kwenye toroli, na Bwana Hollis akasaini karatasi kwamba ameona, kisha akampa mkono Yakub, akaushika sana, fundi kwa fundi. Akasema kwao kituo cha mwisho kitafungwa wakati wowote sasa.

Ikabaki ya arobaini. Mathew alishuka na kompyuta hadi mezani, anataka kuifunga orodha. Bwana Hollis amesimama, Idris amesimama. Yakub akanisogezea tumbo, akatia gundi kwenye ukingo, safari hii kidogo, kama dawa ya macho, akaniwekea kalamu mkononi.

"Haya, Khala. Utaniandika au hutaniandika? Nimefungasha mpaka visu."

"Fungua visu vyako, Ustad, unanichafulia meza."

Nikaiweka kalamu. Nikachukua mgongo nikaushusha juu ya tumbo, nikabana kwa mikono miwili mpaka gundi ikashika, na nikapitisha kidole na kipande cha kanga kwenye kiungo chote kutoka pua hadi mkia. Kilikuwa sawa.

"Namba arobaini?" Mathew akauliza, vidole tayari.

"Tupu."

"Siwezi kuandika tupu, mama. Lazima pawe na kitu."

"Basi andika hakuna aliyeondoka."